Ngeli za Alama: Utangulizi wa Elimu ya Sufuria, Ndoo na Saiti Mira

Wanaakiolojia wamekaa miaka mingi Kilwa Kisiwani wakiokota vigae na kueleza kila kimoja kilitoka wapi: hiki Uajemi, kile China, kingine kimefinyangwa papo hapo pwani. Kazi hiyo inaheshimika na ina vitabu vyake. Lakini mpe mwanaakiolojia huyohuyo sufuria tatu za alumini zilizorudi jana kutoka kwenye hitima, umuulize ipi ni ya mama wa chumba cha mbele na ipi ni ya mwenye nyumba, utamwona anatafuta miwani. Elimu ya kujua chombo cha leo ni cha nani haina idara wala ruzuku, ingawa ndiyo inayofanyiwa kazi kila Jumatatu asubuhi katika kila mtaa uliokuwa na shughuli Jumamosi. Makala hii inajaribu kuiwekea msingi.

Waainishaji wa barazani wamezoea kugawa alama za mali kwa kifaa kilichotumika: alama za msumari, za rangi, za moto, za uzi. Mgawanyo huo ni mwepesi, na hauelezi kitu. Hautuambii kwa nini mtu aliyechonga jina lake kwenye jiko la mkaa la shilingi elfu chache ameiacha televisheni yake bila hata nukta. Sisi tunapendekeza kipimo kingine. Alama ni barua, na barua ina mwandikiwa. Tukiuliza kila alama inamwambia nani, zinajipanga zenyewe katika ngeli, na kama ilivyo kwa ngeli za nomino, zipo chache zinazokataa kukaa mahali pake, na mwanafunzi hana budi kuzikariri hivyohivyo.

Ngeli kubwa kuliko zote ni ya jirani. Jambo hili huwashangaza wanaoanza somo, kwa sababu wamefundishwa kuwa alama ni kwa ajili ya mwizi. Jirani si mwizi. Jirani ni mtu mwema aliyeazima sufuria yako ya pilau kwa ajili ya arusi ya mdogo wake, akamwazima shangazi yake kwa ajili ya maulidi, na sasa sufuria iko Kigamboni na yeye anaapa kwa Mungu kwamba aliirudisha. Hapa hakuna jinai. Hakuna kituo cha polisi kitakachokuandikia RB kwa sababu ya sufuria, na ukiipata hiyo RB utakuwa umepoteza jirani, ambaye ni ghali kuliko alumini. Kinachotakiwa ni ushahidi wa upole: kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole, mbele za watu, bila mtu yeyote kuitwa mwongo.

Tuitazame sufuria moja kwa karibu. Ni ya kupikia kilo tano za mchele, haina mshikio, maana sufuria ya kwetu huipuliwa kwa vitambaa au kwa ujasiri. Kitako chake ni cheusi kwa masizi. Ukiipindua huoni alama yoyote, na mtafiti asiye makini angeandika kwamba haina mwenyewe. Lakini chini kidogo ya ukingo, upande wa nje, kuna matone mawili ya rangi ya kucha, na katikati yake mkwaruzo wa msumari: herufi moja. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Kitakoni moto unaunguza rangi na masizi yanafunika mkwaruzo. Ndani, stilwaya na mchanga vitafuta kila kitu kabla ya Ramadhani mbili kupita. Pembeni katikati ndipo ndimi za moto zinaporamba. Unabaki ukanda mwembamba chini ya ukingo, upana wa kidole gumba, ambako alama huishi. Kila mwanamke aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga anaujua ukanda huo, na hakuna aliyeusoma kitabuni.

Kuhusu chombo cha kuandikia, wanazuoni wa uani wamegawanyika madhehebu mawili. Madhehebu ya Rangi ya Kucha yanasifu wepesi: kichupa kipo tayari, rangi inakauka kabla jirani hajamaliza salamu, na haidhuru chombo. Udhaifu wake ni kwamba kila nyumba ina nyekundu. Kwenye shughuli yenye sufuria arobaini, nyekundu haisemi kitu, ndiyo maana wenye uzoefu hununua zambarau au kijani wasiyokusudia kupaka kucha maisha yao yote. Madhehebu ya Msumari yanajibu kwamba rangi hubanduka, mkwaruzo haubanduki. Ni kweli, ila mkwaruzo nao una ugonjwa wake, kama yanavyoonyesha mazungumzo haya, ambayo yamefanyika kwenye nyua nyingi kwa maneno yaleyale:

"Shoga, hii si ndiyo yangu?"

"Yako wewe si ina N? Hii ina Z."

"Hebu ilaze."

Wakailaza. Hapo nadharia nzima ya herufi inaanguka, kwa sababu sufuria ni duara na duara halina juu wala chini. Mgogoro wa namna hii hauamuliwi na mashoga wenyewe. Huamuliwa na bibi aliyeketi mkekani akichambua mchele, ambaye hata hainui uso: "Wanangu, ya nani ile iliyoangushwa siku ya kumtoa mtoto nje?" Sufuria inazungushwa, bonde linaonekana, na aliyeangusha anacheka kwa aibu na kuichukua. Hivyo kuna madhehebu ya tatu, yasiyo na waumini lakini yenye nguvu kuliko yote mawili: Madhehebu ya Ajali. Alama bora ni ile ambayo hukuikusudia na ambayo watu wengi waliiona ikitokea.

Vikundi vya akina mama vinavyokodisha vyombo vimelitatua suala hili kwa rangi ya mafuta. Chini ya kila sahani kuna kifupisho cha kikundi, na mgongoni mwa kila kiti cha plastiki pia. Viti hivi husafiri kuliko wenye navyo. Si ajabu kwenye msiba mmoja kukuta safu ambayo mzee wa kwanza ameketi juu ya usharika, wa pili juu ya jumuiya ndogondogo na wa tatu juu ya madrasa, na wote watatu wanaongelea bei ya mbolea.

Kutoka uani tunaingia bwenini, ambako ngeli ya jirani huchafuka. Shule ya bweni ni jamii ambayo majirani wote ni wezi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, maji yanapoanza kutoka, hadi saa kumi na mbili yanapokatika. Baada ya hapo wanakuwa tena ndugu. Mali yenyewe ni ndoo. Alama huwekwa kwa kisu au waya uliopashwa moto, harufu ya plastiki inaenea bweni zima, na jina linabaki limezama kwenye ubavu wa ndoo kama chanjo ya ndui mkononi.

Utafiti wa bwenini umegundua kanuni ambayo tunadhani inastahili kuitwa kanuni ya nafasi tupu: jina huibwa kuanzia pale linapoishia. Mwanafunzi anayeitwa JOHN yuko hatarini kila wakati, kwa sababu mbele yake kuna nafasi, na usiku mmoja unatosha ndoo yake kuamka ikiwa ya JOHNSON. ANNA ana hatari ya nyuma, maana H moja tu inamfanya HANNA. Kisa cha ajabu zaidi ni cha MARIA, ambaye ndoo yake ilisilimu kati ya prepo na kengele ya kuamka kwa kuongezewa herufi moja ya mwisho. Majina marefu ya ukoo yana kinga ya asili, na hapa ndipo mtoto wa kwetu aliyebatizwa jina fupi la kizungu anapojutia ubatizo. Dawa iliyovumbuliwa na wanafunzi wenyewe inatokana na hundi za benki. Kama vile mtu anavyoandika "shilingi elfu hamsini tu" ili asiongezewe sifuri ya maneno, mwanafunzi makini huandika: MARIA TU. Hatujui uvumbuzi mwingine wa kielimu uliotokana na shule zetu ambao ni mfupi na mkamilifu kiasi hicho.

Ngeli ya pili ni ya mwizi mwenyewe, na tatizo lake ni kwamba mwizi anajua sana kusoma. Mtu wa Dar es Salaam akishaagiza gari lililotumika kutoka Japani, akalipa ushuru, akapata namba yake ya T yenye tarakimu tatu na herufi tatu, moja ya safari zake za mwanzo ni kwa kijana mwenye kimashine cha kuchonga, anayekaa kando ya gereji au sheli. Kijana anaichonga namba ile kwenye vioo vyote vya madirisha, kwenye taa, na hasa kwenye saiti mira zote mbili. Nairobi mambo ni hayohayo. Hoja ya mwenye gari ni ya kiuchumi: kioo chenye namba ya mtu hakuna atakayekinunua, na kisichonunulika hakiibwi.

Hoja hii ina ukweli, na ina shimo. Ukweli ni kwamba kibaka anayepita kwenye foleni akiwa na sekunde chache huchagua gari lisilochongwa. Yaani alama haikuondoa wizi, imeupeleka kwa gari la nyuma. Shimo ni hili: si kweli kwamba kioo kilichochongwa hakina mnunuzi. Kina mnunuzi mmoja, duniani kote mmoja, na anajulikana kwa namba. Mtu huyo asubuhi ataamka akute waya zinaning'inia mlangoni, atahitaji kioo leo hiihii, na atakwenda mwenyewe kwenye maduka ya spea. Gereji zote zina hadithi ya mteja aliyeoneshwa kioo na kuambiwa, "Bosi, hii itakufaa kabisa, hata namba ni yako." Mteja hucheka, maana hana la kufanya, kisha huomba apunguziwe. Kwa lugha ya kitaalamu, alama imebadilisha aina ya kosa. Kabla ya kuchongwa, kioo kiliibwa. Baada ya kuchongwa, kinatekwa, na mwenyewe analipa fidia ya kukikomboa. Watekaji wengine wa mali wana kazi ngumu ya kutafuta namba ya familia. Huyu ameandikiwa.

Katika ngeli hii hii kuna tawi linalostahili heshima zaidi kuliko linavyopewa: alama ya usumbufu. Haimwambii mwizi kitu ni cha nani. Inamwambia tu kwamba akikichukua atajuta. Ufunguo wa gesti uliofungwa kwenye kipande cha mbao kinacholingana na kiatu ni mfano wake maarufu; mgeni anaweza kuusahau mfukoni ikiwa tu ana mfuko wa kubebea mbao. Kalamu ya kaunta ya benki iliyofungwa kwa kamba ni mfano mwingine, ingawa hapo wataalamu wanajiuliza kwa nini taasisi inayotunza mabilioni ya watu inaogopa zaidi kuibiwa kalamu. Misikiti ya pwani ililitambua jambo hili zamani kwa mitalawanda ya kutawadhia: kiatu cha mbao kinachogonga sakafu kwa kila hatua, kinachomtangaza anayekivaa hadi barabarani. Kandambili za plastiki zilipochukua nafasi yake, usumbufu ukabidi utengenezwe. Ndiyo maana kandambili za chooni zimekatwa kisigino kwa umbo la V, au zimeachwa za mguu wa kushoto zote mbili. Mtu anaweza kuiba kandambili ya msikiti. Kutembea nayo kwa kushoto-kushoto hadi nyumbani ni toba tosha.

Na kuna kago. Hapa mtafiti inabidi aongee kwa adabu, kwa sababu hajui nani anasoma. Kwenye mashamba ya pwani utaona chupa imening'inizwa kwenye mwembe au mnazi, pengine na kitambaa chekundu, pengine kifuu kimefungwa kwa kamba ya ukindu. Chupa hiyo haina jina la mwenye shamba. Haimtambulishi mtu, na hakuna mahakama itakayoipokea kama kielelezo. Inachofanya ni kumweleza mwizi mambo ya tumbo lake mwenyewe: kwamba litavimba, au litakwama, au litaongea. Tukilinganisha gharama na matokeo, hakuna mfumo wa ulinzi unaoukaribia. Hauhitaji umeme, haulali, na hauombi mshahara mwisho wa mwezi. Wengine, tunaambiwa, wanatundika chupa tupu isiyofanyiwa chochote na mganga yeyote, na embe zinabaki palepale. Matokeo haya yanaudhi pande zote mbili: waganga kwa sababu dawa haikuhitajika, na wasiosadiki kwa sababu chupa imefanya kazi.

Kwa bahati njema jambo hili limepimwa, ingawa si kwa chupa. Mwaka 1963 polisi wa mji wa Monterey Park, California, walianza kuwaazima wakazi vimashine vya kuchongea namba kwenye redio na televisheni zao. Mpango ukaenea Marekani, kisha ukafika Uingereza. Miaka ya 1980 mtafiti wa huko, Gloria Laycock, alifuatilia nyumba za mabonde ya Wales Kusini ambako wakazi walikuwa wametiliwa alama mali zao na kubandikiwa stika mlangoni. Wizi wa majumbani ulipungua. Lakini alipozitazama upya takwimu, akaona kushuka kwa wizi kunakwenda sambamba na nyakati ambazo habari za mpango huo zilikuwa zikitangazwa na kuzungumzwa. Uvumi ulifanya kazi kuliko mkwaruzo. Mwenye shamba wa Pangani angemweleza hivyo bure, ila angemtaka kwanza avue viatu aketi mkekani.

Ngeli ya tatu ni ya polisi na mahakama, nayo ni ngeli ya watu waliokwisha kuibiwa. Polisi wakikamata mzigo wa mali za wizi, huupanga nje ya kituo na kuwaita wananchi waje kutambua vitu vyao. Siku hiyo utagundua kwamba televisheni zote za inchi 32 ni pacha. Kila aliyeibiwa anaitambua yake, na wakati mwingine watu watatu wanaitambua moja. Sheria ililiona tatizo hili mapema. Mahakama za Tanzania zina kanuni, iliyotamkwa katika hukumu ya mwaka 1967 na kurudiwa mara nyingi tangu hapo, kwamba mlalamikaji ataje kwanza alama maalumu za mali yake kabla hajaoneshwa. Na ili mtu atiwe hatiani kwa kukutwa na mali iliyoibwa karibuni, lazima ithibitike bila shaka kwamba mali hiyo ni ya mlalamikaji, si mali ya aina ile.

Sasa msikilize mlalamikaji akiitwa kutaja alama. "Ilikuwa nyeusi." Kingine? "Bapa." Kingine? Kimya. Mtu huyu ameitazama televisheni hiyo kila jioni na hajawahi kuiona, kwa sababu alikuwa akiangalia kilichomo ndani yake. Ukitaka shahidi mzuri mwite mtoto wake wa miaka saba, atakwambia kuna stika ya katuni nyuma kwenye kona, kitufe cha sauti kimezama ndani tangu siku anko alipokibonyeza kwa uma, na mguu mmoja umefungwa kwa waya. Madhehebu ya Ajali, yaliyotoka uani, yanashinda tena mbele ya hakimu.

Mlalamikaji mwenye hekima atasema ana risiti. Tangu mashine za EFD zianze kutumika nchini mwaka 2010 tumezoeshwa kudai risiti, na wengi wetu tunadai kweli, tunaikunja, tunaihifadhi kwenye bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Karatasi hiyo haiandikwi kwa wino. Huchorwa kwa joto, na joto lilelile la Dar es Salaam huifuta taratibu. Mwizi akichelewa mwaka mmoja au miwili, bahasha ikifunguliwa kituoni hutoka kipande cheupe, kisafi kama dhamiri ya mtoto mchanga. Aliyeipiga picha au kuitoa kopi siku ya kwanza anapona. Wengine wanabaki na ushahidi kwamba waliwahi kununua karatasi.

Simu ndiyo yenye alama kamili kuliko zote, na pia ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kila simu ina namba ya IMEI, tarakimu 15, na mwenyewe anaweza kuiona kwa kubonyeza *#06#. Mtandao unaisoma kila simu inapowaka. Uwezo huo wa kusoma ulionekana wazi Juni 2016, pale TCRA ilipozizima simu bandia na watu wakaamka na vioo vyeusi. Kuibadilisha namba hiyo ni kosa la jinai. Kwa maneno mengine, mali yako imeshatiwa alama kiwandani, kwa gharama ya mtu mwingine, kwa usahihi ambao Madhehebu ya Msumari hayajawahi kuuota. Kinachobaki ni kuiandika mahali. Imeandikwa, kwa kweli, kwenye boksi la simu, na kila nyumba ina boksi hilo juu ya kabati. Ukilifungua limejaa vifungo vya mashati, sindano na funguo za kufuli zisizojulikana, na ile stika yenye namba ilibanduliwa na mtoto akaibandika kwenye televisheni. (Hivyo si bure kabisa; tazama ushahidi wa mtoto wa miaka saba hapo juu.)

Mtungi wa gesi tunaupitia haraka, kwa kuwa ni mgomvi wa ngeli zote. Wapo wanaoutia alama, na wana haki, maana jiko la nje huvutia mikono. Kisha gesi inaisha, wanaupeleka dukani, wanaukabidhi mtungi wenye alama yao na kurudi na mwingine wenye alama ya mtu wa Mbagala. Kwa namna hiyo, mtungi hubeba herufi za kaya tano bila hata moja kuumiliki.

Ng'ombe anahitaji nafasi zaidi, kwani ndiye aliyetiwa alama kabla ya sufuria kuwapo. Wamasai huchana masikio ya mifugo na kuichoma chapa kwa alama za ukoo, na mfugaji huisoma kutoka mbali kuliko tunavyosoma namba ya daladala. Serikali nayo ilijiunga na taaluma hii kwa sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, ikaleta chapa za wilaya na baadaye hereni za masikioni. Wenye viwanda vya ngozi wana lalamiko lao la siku nyingi: chapa ikichomwa ubavuni inaharibu sehemu bora ya ngozi. Hapo tena alama inapunguza thamani ya kitu inachokilinda, kama namba kwenye saiti mira. Lakini ng'ombe ana faida ambayo chombo hakina: ana maoni. Kijijini kesi ya kuku au ya ndama asiye na alama huamuliwa kwa kumwachia jioni na kumfuata. Kuku anajua kwao. Hakuna aliyewahi kuiachia ndoo jioni akaona inakwenda wapi.

Tumeiacha mwisho ngeli ambayo wengi hawaitambui kuwa ngeli, ingawa imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote, kwa rangi nyekundu, kwenye kuta za Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na kila mji ambako ardhi imepanda bei: NYUMBA HII HAIUZWI. Mbele yake pengine kuna namba ya simu. Pengine onyo la kuepuka matapeli. Mtafiti anasimama mbele ya maandishi hayo na kujiuliza swali letu lilelile. Yanamwambia nani? Nyumba haibebeki. Hakuna kibaka atakayeitia kwenye kiroba. Jibu la haraka ni tapeli mwenye hati bandia, na matapeli wapo. Lakini uliza mtaani, kwa mjumbe au kwa muuza genge aliye mkabala, utaambiwa kwa sauti ya chini kwamba yaliandikwa na dada mkubwa wiki moja baada ya arobaini ya baba, na kwamba kaka mdogo alikuwa ameshapokea malipo ya awali. Au yaliandikwa na mke, mume akiwa safarini. Mke huyo ana njia ya kimya zaidi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Ila zuio liko kwenye faili, na dalali hasomi mafaili. Anasoma kuta.

Kwa hiyo ngeli hii ni ya ndugu. Mwandishi wake ana damu moja na mwandikiwa, jina halitajwi kwa sababu kila anayehusika anajijua, na rangi huchaguliwa ya mafuta ili mvua za masika zisilete upatanisho wa mapema.

Ukuta huohuo wakati mwingine hupata maandishi ya mkono wa pili: X ya wakala wa barabara. Wanafunzi wa somo hili wanapaswa kuitofautisha rangi yake, kwani maana inabadilika kabisa. X nyekundu ni ya aliyeifuata barabara, akajenga ndani ya hifadhi yake, na haina fidia. Walioijua vizuri ni wakazi wa kando ya Barabara ya Morogoro, Kimara hadi Kiluvya, waliobomolewa mwaka 2017. X ya kijani ni ya aliyefuatwa na barabara, na ina fidia. Nyumba isiyouzwa ikipata X nyekundu, kesi ya mirathi hufa siku hiyohiyo, dada na kaka wanasaidiana kung'oa mabati. Ikipata ya kijani, basi kutoka Mwanza linafika saa tatu usiku na ndege ya Muscat alfajiri, kila anayeshuka ana cheti chake cha kuzaliwa kwenye bahasha, na jambo la kwanza linaloulizwa sebuleni ni nani mwenye kopi ya hati.